Sambusa za Maji

Nassibu alikufa Ijumaa asubuhi, na kufikia adhuhuri wanawake wa kitongoji walikuwa wameinjika masufuria matatu nyuma ya nyumba. Wali, na mchuzi wa kamba wakavu wenye nyanya. Mwanawetu, mjane wake, aliletewa sahani akairudisha. Jioni akaletewa kiporo cha mchana, akakirudisha pia. Aliomba wali mtupu.

"Anasusa chakula cha msiba," alinong'ona mmoja.

"Hasusi," alisema Sijaona, jirani yake. "Akila vile anaumuka kama andazi. Aliyekuwa akimjulia ndiye mliyetoka kumzika."

Maradhi ya Mwanawetu yalijulikana miaka mitatu nyuma, baada ya kuzungushwa sana. Kwanza aliambiwa jini, kisha minyoo. Daktari mmoja wa Dar ndiye aliyemweleza: samaki akishakufa akakaa, nyamani mwake huzidi kitu kinachoitwa histamini, na mwili wake Mwanawetu haukiwezi. Humtoka mabaka, midomo humvimba, kifua humbana. Akapewa karatasi ya vyakula. Kamba wakavu, hapana. Nyanya, mchicha, biringanya, hapana. Kiporo, hapana kabisa. Upande wa vilivyoruhusiwa palikuwa na picha ya tambi za kujaza, vifuko vidogo vya unga vilivyochemshwa.

Nassibu aliigeuzageuza ile karatasi. "Mke wangu, hizi si sambusa zimeanguka majini?"

Tangu hapo zikaitwa sambusa za maji. Ngano ilisukumwa nyembamba, ndani likatiwa boga na samaki mkizi, zikachemshwa, zikaliwa kwa tui. Nassibu alikuwa mvuvi, na samaki wa mkewe alimpasua palepale mtumbwini, akatoa matumbo, akarudi nyumbani moja kwa moja bila kusimama kusalimiana na mtu. Watu walimwona ana majivuno.

Mwanawetu alikaa eda miezi minne na siku kumi. Alikula wali na boga, akakonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Asubuhi ya kwanza baada ya kutoka eda aliamka na hamu moja tu. Alikanda ngano nusu kilo, aliyoinunua kwa bei iliyokuwa ya kilo nzima, akateremka dikoni, pwani wavuvi wanaposhushia samaki.

Diko halikuwa kama alivyoliacha. Palikuwa na meza, mizani, na karani aliyeitwa Sadala, shati limepigwa pasi. Azan, mdogo wa marehemu, ndiyo kwanza alikuwa anatia nanga, kwenye maji ya magoti.

"Shemeji! Umetoka ndani!" Azan alipaza sauti. "Mie nilidhani umeshaposwa na tajiri wa korosho wa Bungu."

"Tajiri gani ataoa mke asiyekula kiporo? Nipe mkizi."

Azan akainua mmoja, bado anapiga mkia. Sadala akapuliza filimbi.

"Samaki hashuki kabla ya kupimwa. Utaratibu mpya."

"Basi mpime," alisema Mwanawetu.

"Mizani imefungwa. Ufunguo anao afisa, anatoka Kibiti."

"Anafika saa ngapi?"

"Jana alifika saa saba."

Ilikuwa saa moja na nusu. "Mwanangu, mimi mgonjwa. Samaki akikaa mpaka saa saba, kwangu sumu."

"Mama, samaki wote hawa wanakaa mpaka saa saba, wanatiwa barafu, wanaenda mjini, na watu wanakula. Una cheti?"

Alimpa karatasi ya daktari. Sadala aliisoma mpaka chini, akamrudishia. "Hapa wameandika vyakula. Hawajaandika kwamba samaki wako asipimwe."

Watu wakacheka. Mwanawetu akaikunja karatasi. "Hebu nisomee na huo utaratibu wako."

Sadala alisoma tangazo lililobandikwa mezani: "Ni marufuku kushusha samaki nchi kavu kabla ya kupimwa na kulipiwa ushuru."

"Nchi kavu?"

"Nchi kavu."

"Azan, mrudishe majini na wavu wake, asife," alisema, akaondoka.

Aliporudi alikuwa na sufuria kichwani, dumu la maji mkononi, donge la ngano na boga kikapuni. Alikunja kanga, akaingia majini. Mtumbwini mwa Azan mlikuwa na debe lililokatwa, lenye mchanga na mkaa, la kupikia wanapokwenda dago, kulala kambini mbali na nyumbani. Azan akawasha moto. Mwanawetu akampasua mkizi akiwa bado anatapatapa, akamtoa miiba, akaanza kujaza na kukunja.

Sadala alisimama ukingoni, viatu mkononi. "Mama, unafanya nini?"

"Napika."

"Hairuhusiwi!"

"Hapa nchi kavu?"

"Karani, njoo upime moshi," alisema Azan. "Moshi hauna ufunguo."

Alikula sita. Alitazama mikono yake, akangoja. Hakuna baka. Ya saba alishindwa kuimaliza. Alimpa Azan, akageukia upande wa mikoko. Azan akaimaliza, akazima mkaa.

Afisa alifika saa saba na robo, akahadithiwa, akaandika. Wiki iliyofuata tangazo la pili lilibandikwa chini ya la kwanza: ni marufuku kupika katika chombo kilichotia nanga. Mtumbwi wa Azan ulizuiwa mwezi mzima, naye akaenda Chumbi kulima kibarua.

Sijaona ana kimtumbwi cha kuvushia kuni, kisicho na nanga. Kila alfajiri wanakishusha wote wawili, sufuria na mkaa ndani, wawafuate wavuvi hukohuko baharini, na Mwanawetu anajifunza kupiga kasia.