Nitakufungua Baada ya Noeli

Msiniambie subira huvuta heri. Mimi nilisubiri miaka tisa katika ateliye ya ushonaji ya Mama Clarisse, hapa mjini Baraka, na kilichovutika ni mgongo wangu.

Lakini nianze mwanzoni, maana nikikasirika naruka maneno. Kwetu sisi washonaji, mtu hafungui ateliye yake kwa kutaka tu. Lazima aliyekufundisha akufungue. Anaalikwa kwenu, ndugu zako wanapika, anakata kitambaa mbele ya watu, anakupa mkasi mkononi, kisha anatia maji mdomoni na kukunyunyizia viganja. Basi, umekuwa fundi. Bila hayo wewe ni mwanafunzi, hata kama una mvi. Na ukikaidi? Ooo, utasikia! Watakukumbusha habari za Bertin, aliyeondoka kwa mwalimu wake bila maji mikononi, na wiki ileile mashine ikamshona kidole. Mimi nilimwona huyo Bertin siku hiyo. Alikuwa amelewa. Lakini nenda ukawaambie watu.

Kila mwaka nilimuuliza Mama Clarisse, "Mama, utanifungua lini?"

"Tupitishe kwanza nane Marsi, mutoto wangu."

Nane Marsi, sikukuu ya wanawake, kila mtu anaijua: bamama wote wa mji wanataka kuvaa kikwembe kimoja, kitenge cha rangi moja, siku moja, na wote wanakileta dakika ya mwisho. Nikakubali. Nane Marsi ikapita. "Tupitishe Pasaka, batu ba kwaya bananingojea." Pasaka ikapita. "Tupitishe rentrée ya masomo, batoto habana uniforme." Haya. "Sasa nitakufungua baada ya Noeli." Noeli ikiisha tu, nane Marsi hiyo tena inabisha hodi! Mwaka wetu hauna hata siku moja ya mtu kuanza maisha yake.

Na kazi aliifanya nani? Kupima, mimi. Kukata, mimi. Hata uzi kwenye sindano: "Rosette, ingiza uzi."

"Mama, sindano iko mbele yako."

"Na we uko na mikono."

Yeye alikaa mlangoni, miguu ameinyoosha, anapokea wateja. Kitambaa anakipapasa kwa vidole, anakisifu, anamtania mwenyewe: "Nitakushonea libaya mpaka bwana yako akuoe mara ya pili!" Mteja anacheka, anaenda zake, na libaya, hiyo blauzi ya kikwembe, linanisubiri mimi. Nikinung'unika, ananijibu, "Niko naongoza." Kuongoza! Kuna siku niliuma uzi kwa hasira mpaka nikajiuma ulimi.

Aliyenitoa usingizini ni Sumaya. Sumaya anauza bikwembe karibu na soko, kaka zake wana maboti, na mizigo yake inavuka ziwa kutoka Kigoma. Ubavuni mwa duka lake kulikuwa na chumba kitupu. Akaniita.

"Rosette, bamama bananunua kikwembe kwangu, bananiuliza fundi iko wapi. Ingia humu."

"Sijafunguliwa, Sumaya."

"Unangoja nini, meno ianguke? Sikiliza. Kuko kinyozi anaitaka hii chumba. Jumatatu ukiwa haujaingia, namupa ufunguo. Nakupenda, dada, lakini siwezi kufuga chumba tupu."

Mtu mwenye akili angejibu papo hapo. Mimi nilirudi ateliye kama mjinga nikashona sketi tatu, nikiwaza kidole cha Bertin. Chumba kama hicho, kwenye njia ya kila mama anayenunua kitambaa, hakiji mara mbili. Nikikikosa, nitazeekea nyuma ya mgongo wa Mama Clarisse, na watu watakuwa wananiita mutoto wake mpaka kaburini. Jioni nikasimama mbele yake.

"Mama, Jumapili baada ya ibada, mjomba wangu anashuka kutoka Fizi. Tutapika. Utakuja kunifungua."

Akafungua mdomo. Nikamwahi: "Na tuko mwezi wa saba, Mama, rentrée iko mbali." Nilimwona anatafuta sikukuu ya kunitajia. Hakuipata.

Mjomba Norbert, kaka wa marehemu mama yangu, alifika kwa pikipiki na vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimepika kuku, sombe la majani ya muhogo na bugali, na samaki wa ziwani, mikeke ya kukaanga. Sumaya alikuja. Mama Clarisse naye akaja, amevaa kikwembe chake cha kijani cha sikukuu, kilemba kikubwa kichwani, anacheka na kila mtu. Mjomba alihubiri juu ya heshima kwa walimu mpaka bugali ukapoa. Hatimaye akampa Mama Clarisse kitambaa cheupe na mkasi, akasema, "Haya Mama, ukate kitambaa, umupe mutoto mukasi, tukule."

"Tukule kwanza," akasema Mama Clarisse.

"Hapana, Mama. Desturi."

"Hii kitambaa iko kidogo."

"Inatosha."

"Labda tungengojea kidogo, mpaka..."

"Mama!" Nilipiga kelele mimi, mbele ya mjomba wangu, mbele ya wageni. "Leo hautatoka hapa bila kunipa huo mukasi!"

Mama Clarisse akatandaza kile kitambaa cheupe mapajani, akakipapasa kwa vidole mwisho hadi mwisho, akashika mkasi na kukata. Ulikwenda kwa uzito. Akainua alichokata juu ili watu waone, na chini ya kitambaa cheupe kikaning'inia kipande cha kijani. Alikuwa amekata kikwembe chake mwenyewe, goti lote liko nje na shimizi linaonekana.

Sumaya akaangua kicheko. Mjomba akajifanya anakohoa. Mimi nilicheka mpaka machozi, bwana, miaka tisa ya hasira ilitoka yote.

Mama Clarisse akatabasamu. "Munacheka nini? Sikukata vizuri?"

Aliuliza hivyo huku amegeuzia uso sufuria ya sombe, si sisi. Kicheko kikatuishia.

"Mama," nikasema, "umekata kikwembe chako."

Akapeleka mkono gotini. Akapapasa ukingo uliokatwa.

"Sionake tena, Rosette. Naona tu kama moshi. Batu nabajuaka kwa sauti."

"Tangu lini?"

"Ile mwaka nilikata mikono ya mashati ya kwaya yote mbaya. We ukakata zingine, haukusema kitu. Nikajua utanisaidia."

Mtadhani nilimwonea huruma. Hata kidogo! Nilikasirika kuliko miaka yote tisa ukiijumlisha.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungeniacha."

"Mi nikuache? Ningebaki, Mama! Ungesema neno moja tu, ningebaki pale mpaka nizeeke!"

Nikasikia nilichokuwa nimesema. Kilikuwa kweli tupu. Angeniambia mapema, nisingeondoka kamwe, na ningejiona mtu mwema.

Sasa tazama binadamu. Mjomba Norbert, aliyekula vumbi kutoka Fizi kuja kunifungua, akageuka palepale. "Basi Rosette, umesikia mwenyewe. Utamuacha mama namna hii? Ngoja kidogo. Chumba zingine zitapatikana." Wote wakanitazama. Hata Sumaya alikuwa anachezea ufunguo tu. Maneno yakawa tayari kwenye ulimi: basi, nitakaa kidogo. Lakini mimi naijua kidogo yetu. Kidogo yetu huzaa na wajukuu.

"Jumatatu naingia kwa Sumaya," nikasema. "Na we Mama, ukuje tukae pamoja. Utapokea bamama ku mulango, utabachekesha, hiyo kazi hakuna anayekushinda. Mi nitakata, mi nitashona. Lakini ateliye itakuwa yangu."

"Mi? Nikutumikie we? Nilikupokea haujui hata kushika sindano!"

"Ni kweli, Mama."

Akasimama, akashikilia kikwembe kilichokatika kwa mkono mmoja. Maji kwenye kikombe hakuyagusa. Sumaya akamshika mkono mpaka barabarani, akamwitia pikipiki. Mjomba akala kuku karibu wote kwa huzuni, halafu akaniambia mashine ikinishona kidole nisimtumie mtu wa kumwita.

Jumatatu nikafungua. Nilishona polepole kama mtoto wa siku ya kwanza, kila baada ya mshono natazama kidole. Kidole kipo. Bamama wakachungulia mlangoni: "Mama Clarisse alikufungua?" Sijui kudanganya. "Hapana." "Eeeh!" Wakaenda zao na bikwembe vyao kichwani. Jumanne vilevile. Jumatano nikakaa tangu asubuhi nikiangalia mashine, nikamlaani Mama Clarisse, nikamlaani mjomba, nikamlaani Bertin na pombe yake. Kinyozi akapita, akapima mlango kwa macho.

Alhamisi pikipiki ikasimama nje, na kabla sijainua kichwa nikasikia sauti.

"Juu ya nini mashine umeiweka ku giza?"

"Mama, unajuaje kama kuko giza?"

"Nasikia unashona polepole."

Akapapasa ukuta, akaipata fremu ya mlango, akataka kiti. Hakunisalimia. Akakaa, akanyoosha miguu mpaka nje kama zamani, na tukaanza kugombana: kiti ni kifupi, pasi inatoa moshi, Sumaya anazungumza sana, mimi ninavuta uzi vibaya. Ananisikia navuta uzi vibaya! Katikati ya asubuhi nilikuwa karibu kumwita yule motari wa pikipiki amrudishe alikomtoa.

Ndipo akaingia Furaha, mteja wetu wa miaka mingi. Jumanne alikuwa amenipita mlangoni bila kuingia. Alipomwona Mama Clarisse uso ukamfunguka, akaja moja kwa moja kumwekea kikwembe kipya mapajani.

"Mama Clarisse, aksanti Mungu, nilikutafuta! Binti yangu anaolewa. Unishonee we mwenyewe, mi siamini mutu mwingine."

Mama Clarisse akakipapasa, pembe kwa pembe. Nikangoja aanze kumtania juu ya bwana yake. Hakumtania. Akakikunja vizuri, akakinyoosha kwenda upande wa sauti ya mashine yangu.

"Umupe yeye," akasema. "Mi macho ilikufa zamani, Furaha, zote ulivaa ni yeye alishona. Fundi ni Rosette."

Nikakipokea. Nikatazama viganja vyangu vikavu chini ya kitambaa, na Furaha ikabidi aniambie mara mbili nichukue vipimo.