Mlango Usiokuwepo Jukwaani

Mjane hakuwa amewahi kutazama mchezo wa kuigiza. Starehe zake zilikuwa redio na umbea wa wifi yake. Kazi ya kupiga pasi kwa dobi haikumwachia nafasi ya mengine. Lakini kinyozi wa mtaani, kiongozi wa kikundi cha sanaa, alikuja mwenyewe nyumbani kumwalika. Kikundi kilikuwa kimetunga mchezo wa nyimbo kuhusu moto wa kiwanda cha magodoro, moto uliomuua mumewe na wenzake wa zamu ya asubuhi.

"Dada, utakaa mbele kabisa," kinyozi alimwambia. "Mumeo ndiye nyota wetu."

Wifi yake, dada wa marehemu, akajibu kwa niaba yake: "Tutakuja. Na tutapendeza."

Jumapili mchana wakaenda. Ukumbi ulikuwa uleule wa mikutano ya mtaa, wenye viti vya plastiki na feni mbovu, ila mbele palikuwa na pazia jipya jekundu na vipaza sauti virefu kama makabati. Mjane alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Pazia likafunguka, akatokea muuza kuku wa sokoni amevaa ovaroli ya bluu, tumbo limemtangulia. Huyo ndiye mumewe. Akaanza kuimba.

"Makubwa!" wifi alinong'ona, anacheka huku machozi yanamtoka. "Kaka yangu huyu? Kaka akiimba, hata paka wa jirani walikuwa wanahama."

Mjane naye akacheka. Tangu mazishi hakuwa amecheka, na kicheko kikamtoka kikavu kama kikohozi. Kilichomshangaza ni kwamba nyimbo zilikuwa tamu. Wanawake walioigiza washonaji wa magodoro waliimba juu ya migongo inayouma na watoto wasioshiba, na mguu wake ukaanza kufuata ngoma bila kumwomba ruhusa.

Kisha ukaja moto. Vitambaa vyekundu vilipeperushwa, moshi wa unga ukarushwa. Muuza kuku akatoka nje salama salimini, akageuka, akarudi ndani kuokoa wenzake. Akatoka na mmoja, akarudi. Akatoka na mwingine, akarudi tena. Watu wakashangilia mpaka viti vikalia.

Mguu wa mjane ukaacha kufuata ngoma. Mumewe hakutoka hata mara moja. Alimpigia simu akiwa humo ndani. "Mlango umefungwa kwa nje," alimwambia. "Njoo na nyundo." Baada ya hapo ilikuwa kukohoa tu. Mjane alikimbia na nyundo ya jirani, na alipofika, chuma cha mlango kilikuwa cha moto hakikaribiki, kufuli bado linaning'inia. Kiwandani walikuwa wakifungiwa ili wasitoke na vipande vya sponji.

Jukwaani hapakuwa na mlango.

Akajikuta amesimama. "Mlango ulifungwa!" alipaza sauti. "Hakutoka! Walifungiwa wote!"

Ukumbi ukawa kimya. Halafu mtu mmoja nyuma akapiga makofi, na wengine wote wakafuata. Walidhani naye ni mwigizaji. Muuza kuku akababaika, akatupa macho pembeni, na waimbaji wakapandisha sauti mpaka wakamfunika mjane.

"Kaa chini, wifi," wifi yake alimvuta nguo. "Unatuaibisha."

"Wewe si ulikuwepo? Si ulinisikia nikiongea naye?"

"Nilikusikia. Kaka yangu amekufa kama panya mtegoni, najua. Leo ndiyo mara ya kwanza namwona akifa kama mwanamume. Usininyang'anye."

Mjane hakukaa wala hakubishana. Alichukua mkoba wake akatoka.

Kesho yake kinyozi alimfuata kwa dobi, akamkuta akipiga pasi mashuka. Uso wa kinyozi ulikuwa umechangamka.

"Dada, mtaa mzima hauna habari nyingine. Uliposimama, mwili ulinisisimka! Jumapili tunarudia. Nakuomba usimame vilevile."

"Mtaweka mlango?"

Kinyozi akaangalia viatu vyake. "Pazia lile, vipaza sauti vile, ametununulia mwenye kiwanda. Alichokataa ni mlango tu. Mengine yote tuko huru."

"Sasa mimi nisimame niseme nini?"

"Lia tu, dada. Si lazima useme neno."

Mjane akaisimamisha pasi. "Ondoka," alimwambia, taratibu. Kinyozi akaondoka.

Jumapili wifi alienda peke yake, amejipaka wanja. Mjane alibaki nyumbani akichambua mchele. Ukumbi haukuwa mbali, na vipaza sauti vilikuwa na nguvu. Alimsikia muuza kuku akiimba, akasikia watu wakishangilia, kisha kimya. Ndani ya kimya kile kikapanda kilio kirefu cha mwanamke. Alikitambua, kwa kuwa alikuwa amekisikia makaburini. Wifi yake alikuwa amesimama badala yake.

Makofi yalichukua muda mrefu kuisha.