Bodi la Burchel

Jumamosi, tarehe 27 Aprili 2019. Kulikucha na sakitu juu ya nyasi, baridi ile ya mwisho inayovizia miti ikishachanua, na jua lilipochomoza nyuma ya mlima lilikuja bila joto, kama mgeni wa harusi aliyekuja mikono mitupu. Ardith Gayheart alikuwa jikoni akikanda unga wa biskuti aliposikia grenda ya kukatia chuma ikilia uani. Akafunga macho, akaomba, "Bwana, uuzuie ulimi wangu." Kisha akajifuta unga mikononi, akatoka nje, na ulimi akatoka nao.

Rondal, mdogo wake, alikuwa amepiga magoti kando ya gari la marehemu baba yao. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushee, tumbo mbele, kofia nyuma, kazi yake kukata majani kando ya barabara za kaunti. Gari lilikuwa juu ya stendi, limevuliwa bodi lake la mizigo, limebaki kichwa na mifupa.

"Unafanya nini?"

"Nalifupisha, dada."

"Limekukosea nini?"

"Refu mno. Jumamosi jioni nikiliegesha pale mjini wanapokutana wenye magari ya zamani, wananiuliza leo nimeleta maiti ya nani. Wenzangu wote wana mabodi mafupi."

"Kwa hiyo gari la Baba linachinjwa kwa sababu ya wanaume wanaokula chipsi kwenye maegesho."

"Huelewi mambo haya."

Ardith aliyaelewa vizuri sana. Burchel, baba yao, alilinunua gari lile jipya mwaka 1969, na siku zile mtu aliyenunua bodi fupi alitazamwa kama mtu asiye na kazi ya kufanya. Kwenye bodi refu lile Burchel alibeba makaa ya mawe, nyasi kavu, ndama, mabenchi ya kanisa na jiko la chuma la mke wake. Sasa makaa yamekwisha, ndama hakuna, na wanaume wasiobeba kitu chochote isipokuwa matumbo yao wameamua kwamba gari zuri ni lile lisiloweza kubeba kitu. Mungu aliwapa milima hii wanaume wenye mabega. Sijui mabega yalikwenda wapi. Magari yanabaki kuyasimulia.

Lakini hilo la uzuri Ardith angeweza kulimeza. Lililomkaa kooni lilikuwa la Mama.

Bi Oleta, mama yao, alikuwa na miaka themanini na sita na mguu mmoja usiokunjika tangu alipovunjika nyonga. Hawezi kuketi ndani ya gari lolote lile. Mguu unasimama mbele yake kama ufagio. Na kila Jumapili ya Kupamba Makaburi, mwishoni mwa Mei, ukoo mzima hupanda mlima hadi makaburini, huweka maua, huimba, hula pamoja kati ya mawe ya majina yao. Njia ni mwinuko wa kumtoa mbuzi jasho. Burchel, kabla hajafa, alipata dawa: aliweka kiti cha sebuleni cha mke wake ndani ya bodi la gari, kile cha kuegemea na kuinua miguu, akapigilia vibao vinne kwenye mbao za sakafu ili miguu ya kiti isiteleze. Bi Oleta akapanda mlima ameketi kama malkia, blanketi magotini, sufuria ya maharage kando yake. Miaka mitatu sasa alikuwa akipanda hivyo kwenda kumtembelea Burchel mwenyewe, naye Rondal ndiye dereva.

Mwaka huu madaktari walikuwa wamesema maneno ya chinichini kuhusu moyo wake. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu: afike kwa Burchel mwaka huu. Mwaka mwingine hakuuahidi.

"Mama atapanda vipi?" Ardith aliuliza.

"Litakuwa tayari kabla ya siku hiyo. Kiti kinaingia hata kwenye bodi fupi. Nishapima."

"Umepima kwa kitu gani? Kwa macho?"

"Kwa macho ya fundi, dada."

Ardith akarudi jikoni. Biskuti za asubuhi ile zilitoka ngumu, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Jirani yao aliitwa Verlin Noe. Uwanja wake ulijaa mashine za kufulia zilizokufa, magurudumu, mabomba, trekta jekundu lililoungua upande mmoja, na kuku waliotaga ndani ya injini. Ardith hakumpenda. Alikuwa amewahi kumwombea kwa sauti, mbele ya kanisa zima, "wale ndugu zetu wanaoishi kama panya," na kila mtu akajua ndugu ni yupi. Rondal alipopata bodi fupi kutoka kaunti ya pili, alimpa Verlin lile refu aliondoe uani, kama mtu anayemtupia jirani maganda.

Verlin alikuja na trekta kulichukua. Alikuwa na sikio moja zima. La pili lilibaki mgodini. Akaitazama chasisi, ile mifupa ya gari, pale juu ya stendi, akaona alama ya chaki.

"Utakata hapo peke yake?"

"Hapo peke yake, mzee."

"Mbele ya ekseli ukate kipande, na nyuma ya ekseli ukate kingine kifupi. Ukitoa chote mbele, tairi litasogea mno. Halitakaa katikati ya madigadi."

"Nikate mara mbili, nichomelee mara mbili, kwa sababu gani? Urefu ni uleule."

"Hata mtu ukimkata shingoni au miguuni urefu ni uleule," alisema Verlin.

Rondal akacheka, akampiga begani. "Mzee, siku mashine yako mojawapo ya kufulia itakapoanza kufua, nitakuja darasani kwako."

Ardith, aliyekuwa akianika nguo, alicheka pia. Hilo alilikumbuka baadaye, na halikumpendeza.

Rondal akakata. Akavuta nusu mbili zikakutana, akachomelea, akapaka rangi nyeusi juu ya mishono iliyovimba kama kovu la ng'ombe. Shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma akaipeleka mjini ikafupishwa. Akaweka bodi fupi juu, akarudi nyuma hatua chache kulitazama, mikono kiunoni. Akatazama muda mrefu.

Ardith alisimama kibarazani. Halikuhitaji jicho la fundi. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamesogea mbele, yameminywa kwenye ukingo wa madigadi, na nyuma yake pengo la kuingiza kichwa cha mtoto. Kwa upande gari lilifanana na mbwa aliyechutama njiani.

"Linataka kwenda haja?" aliuliza Ardith.

"Ni mtindo."

"Wa wapi?"

"Dada, nenda ukaombe."

Alikwenda, na sala yake Mungu mwenyewe anaijua. Rondal naye alichukua mkasi wa bati, akapunguza ukingo wa madigadi mpaka tairi likapata nafasi ya kuzunguka, kisha akafunika jeraha kwa ukanda wa mpira. Jumamosi hiyo akalipeleka mjini. Alirudi mapema, akalifunika kwa turubai, akasema kule kulikuwa na upepo.

Siku ya Kupamba Makaburi ilifika na anga safi. Tangu asubuhi ukoo ulikusanyika uani kwa Bi Oleta na mabeseni ya kuku wa kukaanga, mikate ya mahindi, mayai ya kujazwa, na keki ya matofaa makavu ambayo hukaa siku kadhaa ili ilainike. Bi Oleta alikuwa tayari tangu alfajiri, kofia ya buluu kichwani, mguu umenyooka mbele yake, maua ya karatasi mapajani. Aliyatengeneza mwenyewe wakati wa baridi.

Rondal akaondoa turubai. Binamu mmoja akakohoa kwa namna ambayo si kikohozi.

"Mpandisheni Mama," alisema Rondal.

"Hapandi," alisema Ardith. "Lipande kwanza bila yeye. Weka watu unaowachukia."

"Unanidharau mbele ya watu?"

"Nakuonea huruma mbele ya watu. Pakia kiti. Pakia binamu yule aliyekohoa, na mwenzake."

Walicheka, lakini walipakia. Kiti kikaingia, kweli, ingawa hakikuwa na vibao vya kukishikilia na kiliyumbayumba kama jino bovu. Binamu wawili, wanaume wazito wa maziwa na viazi, wakapanda wakaketi kando yake. Springi zikainama. Rondal akawasha injini, na injini ile, kazi ya watu wa zamani, ikaitika vizuri. Akaondoka kwa mbwembwe, mkono nje ya dirisha.

Hakufika kwenye kona ya kwanza. Pale njia inapoanza kuinuka, uzito wote ulirudi nyuma, bodi likashuka, na lile bati alilolikata kwa mkasi, lenye makali chini ya ukanda wa mpira, likauma tairi. Ulisikika mlio kama wa nguruwe, kisha mshindo. Kiti cha Bi Oleta kilipinduka chali, miguu juu. Binamu mmoja alijikuta amekikumbatia. Gari lilikaa pale limeegemea upande mmoja, tairi limechanika, moshi wa mpira ukipanda mlimani peke yake.

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Ardith hakucheka. Alikuwa akimtazama mama yake.

Bi Oleta alikuwa akiyatazama maua.

"Tutakubeba, Mama," walisema wanaume. "Tuko sita. Kiti tunakishika hivi..."

"Sijafa bado nibebwe na wanaume sita," alisema Bi Oleta. "Siku hiyo mtakuja. Leo niacheni." Akavua kofia, akaiweka mapajani. "Chukueni maua. Mwambieni Burchel nilikuwa nimevaa tayari."

Hapo Ardith alimgeukia mdogo wake, aliyekuwa anashuka njiani kichwa chini. Maneno yote ya mwezi mzima yalikuwa yamepangwa mdomoni tayari, makali, moja nyuma ya jingine. Akafungua kinywa. Na kwa nyuma ya nyumba likasikika trekta.

Lilikuwa lile jekundu, lililoungua upande. Verlin Noe alikuwa juu yake kwa shati jeupe la kanisani, nywele zimelazwa kwa maji. Watu wake pia wamelala mlima ule. Nyuma ya trekta alikuwa anavuta tela, na tela lile lilikuwa bodi la Burchel. Alikuwa ameliweka juu ya ekseli moja kuukuu, akalitia mkono wa kuvutia, akazipaka mafuta mbao za sakafu. Mlango wa nyuma ulikuwa bado na lile bonde lililopigwa na nyumbu kwa teke, mwaka Ardith alipoanza shule. Na ndani, pale pale, vilikuwepo vile vibao vinne.

"Nililitengeneza la kubebea kuni," alisema Verlin, kana kwamba anaomba radhi. "Lakini leo halina kuni."

Binamu walikileta kiti, na miguu yake ikaingia kati ya vibao kama funguo kwenye kufuli. Wakamwinua Bi Oleta. Akavaa kofia yake. Zikapakiwa meza ndefu za kulia chakula, zikalala kando yake bila kuchungulia nje; akawekewa na sufuria ya maharage. Ardith akapanda amshike. Alipopita mbele ya Verlin alitaka kusema kitu kuhusu panya, lakini alichoweza kukisema ni, "Shati zuri, kaka."

"Sikio hilo halisikii, dada," alisema Verlin. "Hamia upande huu."

"Nimesema shati ni zuri!"

"Aa. Asante."

Trekta likapanda polepole. Nyuma yake walitembea watu na maua, na nyuma ya watu wote alitembea Rondal, amebebeshwa beseni la kuku mikononi na mzigo wa masihara mgongoni. Mmoja alimwuliza kama na miguu yake ameifupisha. Mwingine alitaka kujua kama mtindo ule wa kuchutama unafundishwa mjini. Na Ardith, kule juu kwenye tela, alijikuta amebakiwa na maneno yake yote mdomoni na hakuna haja nayo. Ukoo ulikuwa unamfanyia kazi.

Makaburini waliimba. Bi Oleta aliegeshwa kando ya jiwe la Burchel, karibu kiasi cha kuligusa kutoka kitini, na akaliweka ua la kwanza kwa mkono wake. Alizungumza naye kidogo, kwa sauti ya chini. Watu walikuwa karibu, lakini walitazama pembeni. Kisha aliinua kichwa.

"Verlin, utaliuza tela hili?"

"Siliuzi, Bi Oleta. Lakini siku ukilihitaji, lipo."

"Nitalihitaji mara moja tu tena. Rondal!"

Rondal akaweka beseni chini, akaja. Jasho lilikuwa limemloanisha mpaka kwenye mkanda.

"Siku nitakapokuja huku nisirudi," alisema Bi Oleta, "nani atanileta?"

"Mimi, Mama."

"Kwa gari gani?"

Binamu yule akakohoa.

"Kwa... kwa bodi la Baba, Mama."

"Sema kwa sauti. Verlin ana sikio moja. Na wengine hapa wana mawili lakini kesho watasema hawakusikia." Akamnyooshea kidole Ardith. "Na wewe simama hapa umsikilize, maana wewe ndiye utakayemkumbusha, nami nakujua, hutachoka."

Ardith akasimama. Rondal alivua kofia. Bila kofia alionekana mdogo, uso mwekundu, paji jeupe, kama alivyokuwa alipovunja dirisha la kanisa. Akatazama jiwe la baba yake, kisha watu, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye uzio:

"Mbele za Mungu, na mbele ya Baba hapa, na mbele yenu nyote mnaocheka: siku Mama atakapoitwa nitamleta ndani ya bodi la Baba, nyuma ya trekta la Verlin, na mimi nitakuja nyuma yake kwa miguu. Na bodi hilo sitalipunguza hata inchi."