Mkunga Asiyetaka Kuachiwa

Mkunga alikuwa na uongo mmoja tu, lakini aliutunza vizuri kuliko alivyomtunza mumewe. Kila alipoulizwa nyumbani atastaafu lini, alishika kiuno, akavuta pumzi ya mtu aliyeonewa, akasema, "Matroni kanikatalia. Wakunga hatutoshi."

Kweli yenyewe ilikuwa kinyume. Umri wa kustaafu ulishampita, miguu ilikuwa imevimba, na Matroni, mkuu wa wodi ya wazazi, alikuwa akimbembeleza kila wiki akapumzike. Juzijuzi tu Mkunga aliketi ukingoni mwa kitanda kumshika mkono mwanamke mwenye uchungu, usingizi ukamchukua palepale. Aliyemwamsha ni yule mzazi. "Mama, samahani kukusumbua, ila mtoto anatoka." Wodi nzima ilicheka mpaka wenye mishono wakaomba huruma. Mkunga naye alicheka, kisha akaenda chumba cha mashuka akalia. Alijua kwamba safari nyingine huenda asiwepo wa kumwamsha, na mtoto wa watu akaumia mikononi mwake.

Basi kwa nini asiende nyumbani? Nyumbani! Nyumbani kulikuwa na Bwana Jela.

Mumewe alikuwa askari magereza, na mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu gereza lilimstaafisha yeye, lakini yeye hakulistaafisha gereza. Mazoea yana taabu. Alfajiri alimpulizia mkewe filimbi sikioni. Alikagua masufuria. Mtu akiingia chooni, alisimama nje, mikono nyuma, akimhimiza. Jioni Mkunga akirudi, hata viatu hajavua, mkono wa mume ulishazama kwenye mkoba wake. "Usijali," husema, "ni utaratibu tu." Na siku mama mkwe wake, mama mzazi wa Mkunga, alipokuja kuwatembelea, lo! Alimsimamisha mlangoni, akamwamuru anyooshe mikono, akampapasa toka kwapani hadi kiunoni. Mama mkwe, jamani! Bibi alipozinduka, mkwewe alikuwa ameshamnyang'anya kopo la ugoro. Bibi wa watu aliondoka bila kunywa hata maji, na mpaka leo akitajiwa mkwewe hutema mate.

Sasa nani mwenye akili timamu angeacha leba akaingie humo kwa hiari yake, mchana kutwa, mpaka afe?

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi moja Mkunga alikuwa akipita na beseni la vyombo nje ya ofisi ya Matroni, akasikia kikohozi anachokijua. Akachungulia. Bwana Jela alikuwa amesimama wima mbele ya meza, shati limenyooshwa kwa pasi, viatu vinang'aa.

"Matroni, mwanangu," alikuwa akisema, "maisha yangu yote nimefungia watu. Wezi, matapeli, wauaji. Wote niliona siku yao ikifika. Hata wa kifungo cha maisha, wapo waliosamehewa. Naomba uniambie, mke wangu amefanya kosa gani hata hamtaki kumwachia?" Akanyoosha kola ya shati. "Filimbi naipuliza mapema ili tupate kuzungumza kidogo kabla hajaondoka. Akishaondoka, sisikii sauti ya mtu mpaka jioni. Nirudishieni mke wangu."

Mkunga akalikumbatia beseni kifuani.

Matroni akatoa macho. "Sisi, mzee? Sisi tumkatalie? Mbona tunamwomba aende hata leo!"

Beseni likamponyoka Mkunga, vyombo vikatawanyika sakafuni. Bwana Jela akageuka.

"Kumbe ni mimi," alisema. Hakufoka. Angefoka, Mkunga angejua la kumjibu.

Mficha uchi hazai. Mkunga alikuwa amewaambia hivyo wanawake wengi mno, asingeweza kukwepa zamu yake. "Ni wewe, baba watoto. Huku wananitukana, wananing'ata mikono, nami naona heri huku kuliko kwangu. Umenipekua mpaka najiona mwizi. Na mama yangu ulimpapasa!"

"Kwa mama nilikosea."

"Ugoro wake uko wapi?"

"Nimeuhifadhi kabatini. Atarudishiwa akitoka."

"Alishatoka!"

Matroni akajifunika uso kwa faili, mabega yakimcheza.

Bwana Jela akatia mkono mfukoni, akatoa filimbi, akaiweka mezani polepole, kama alivyokuwa akiwaamuru wafungwa waweke vitu vyao siku ya kwanza. "Nikiacha haya yote," aliuliza bila kumtazama mkewe, "nitakuwa nani mle ndani?"

Mkunga aliinama akaokota mkasi sakafuni. Swali hilohilo lilikuwa likimkaba tangu ule usingizi wa aibu, ila yeye alilifunika kwa kumsingizia mumewe. "Sijui," alisema. "Hata mimi sijijui bila wodi hii. Twende tu, tutajuana hukohuko."

Jioni ya siku yake ya mwisho kazini alirudi na mkoba umetuna. Bwana Jela alikuwa mlangoni, mikono ameifumbata nyuma, jasho likimtoka kwa jitihada. Akampisha. Mkoba ukapita salama.

Alfajiri ikafika bila filimbi. Mkunga alizinduka saa ileile ya kila siku, akamkuta mumewe chali, macho darini, amejinyoosha kama ubao.

"Umeamka?"

"Zamani."

"Mbona huinuki?"

"Sijaambiwa."

Mkunga alimtazama mtu huyo aliyekwenda kumwombea msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa filimbi aliyorudishiwa na Matroni, akaipuliza mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

"Simama! Oga, uchukue ule ugoro. Tunakwenda kwa mama." Akajifunga kanga. "Na ukifika mlangoni unyooshe mikono. Amesema utaratibu ni uleule."