Salamu za Heru Juu

Sijawahi kupenda salamu za kwetu. Muha akishakusalimu hakuachii. Anainama, anapiga makofi taratibu, anakuuliza mvua, maharage, mbuzi, mpaka afya ya jirani wa jirani yako. Na bingwa wao wote ni Mzee Bazilio wa Heru Juu, baba mkwe wangu, ambaye siku ile nilikuwa naenda kumwomba anirudishie mke wangu.

Vestina alikuwa amerudi kwao. "Nestori," aliniambia akiondoka, "ukimaliza mwezi hujavuta, njoo unichukue. Ukivuta, usije." Sikumlaumu. Zamani msokoto mmoja wa bangi ulinichekesha mpaka jioni. Mwishoni nilihitaji minne ili niweze tu kutoka kitandani, na kicheko chenyewe hakikuwepo tena.

Mwezi ule wa peke yangu Kibondo ulikuwa mrefu mno. Nililowesha mashuka kwa jasho. Nilipika ugali, nikautazama, nikawapa kuku. Nilimfokea mwenzangu kwenye tanuri la matofali hadi akaacha kunisemesha, kisha nikagombana na jirani yangu Niyonkuru kwa sababu ya redio yake. Watu wakaanza kupita mbali na mlango wangu. Niliwachukia kwa kupita mbali, na niliwatamani waje.

Siku ya thelathini nilishuka kwenye basi Kasulu mapema asubuhi. Nilifikiria makofi ya mzee na maswali yake ya mbuzi, nikaona wazi kwamba nitamkatiza kwa ukali, na Vestina nitamkosa mbele ya macho yangu. Nilikuwa na msokoto mmoja ndani ya soksi. Nilijidanganya mwezi mzima kwamba niliuweka ili kujipima nguvu. Nikaingia nyuma ya nyumba isiyomalizika, nikavuta nusu, nikasukutua mdomo, nikapanda bodaboda.

"Mwakeye," nilimwambia mzee, nikainama na kupiga makofi. Niliuliza maharage. Niliuliza mbuzi mmojammoja. Niliwaulizia hata majirani nisiowajua, na mzee kwa furaha alisogeza kigoda chake karibu na changu.

"Mukwe wangu amekuwa mtu," alisema. "Vestina, lete mizigo yako."

Vestina alitoka na begi, akasimama akinisikiliza nikiendelea kuulizia mbuzi kwa upole. Tabasamu alilotoka nalo likaisha polepole. Akaliweka begi chini, akaomba anisindikize kwanza hadi njiani.

"Umevuta," alisema tulipofika kwenye mihogo.

"Nusu tu. Leo tu, haki ya Mungu. Mwezi mzima sijagusa."

"Najua hujagusa. Niyonkuru alikuwa ananipigia simu. Ananiambia umemtukana, unafokea watu, hakuna anayekuweza. Nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha. Nimefunga mizigo tangu juzi. Nilishamwambia mama kwamba utakuja umenuna, utamkatiza baba, tukuvumilie."

Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa ile nyumba ya Kibondo.

"Yule mkorofi ndiye niliyekuwa namsubiri," alisema. "Umemwacha wapi?"

Hakungoja jibu. Alirudi nyumbani, nami nikabaki njiani nikimsikia baba yake akimuuliza, kwa sauti ya kushangaa kabisa, kwa nini anamkataa mwanamume mpole kiasi kile.