Maziwa ya Dada Rubiah

Wiki iliyopita tulimzika dada yangu Rubiah. Magazeti yalitoa picha yake ya zamani, ile ya maua kichwani, yakaandika kwamba alikuwa nyota wa filamu, akaolewa na mdogo wa Sultani, kisha akaachwa. Yote ni kweli. Lakini hayakuandika kwa nini aliachwa, wala ni nani aliyeshuka kaburini kumpokea. Wa kuyasema hayo nimebaki mimi.

Tengku Muhsin, ndiye mdogo huyo wa Sultani, alimwona kwenye filamu, akaja mwenyewe hadi studio kule Singapuri. Mama yake, aliyeitwa Tengku Bonda, yaani mama wa kifalme, hakuhudhuria harusi. Dada aliposhika mimba ndipo tulipoitwa kwenye kasri lao la mbao, kando ya mto, pwani ya mashariki, kaskazini mwa Singapuri. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza sekondari. Nilifuatana naye ili asiwe peke yake.

Alijifungua mtoto wa kike, Intan. Dada bado alikuwa amelala na mkaja tumboni na jiwe la moto juu yake, Mak Limah, yaya wa kasri, alipoingia akijifanya anakusanya nguo chafu.

"Msinitaje," alinong'ona. "Siku ya kunyoa nywele, mtoto atakabidhiwa Tengku Zawiyah."

Zawiyah alikuwa dada mkubwa wa Tengku Muhsin. Alikuwa na mtoto wa kiume, Raslan, ambaye hata mwaka hajatimiza.

"Amlee tu?" nikauliza.

"Amlee, na akikua amwoze mwanawe. Damu irudi ndani. Wanasema mchuzi ukiingia maji, unauchemsha tena mpaka ukauke."

"Na mama yake?"

Mak Limah alitazama sakafu. "Gari litamrudisha Singapuri. Eti filamu zinamngoja."

Dada alimwita mumewe. Tengku Muhsin alisimama mlangoni, hakuingia.

"Bonda ameshasema, Rubi," alisema akitazama viatu vyake. Kesho yake akaenda kuwinda juu mtoni.

Siku ile dada hakulia. Alimtazama Intan akinyonya, kisha akaniuliza polepole, "Esah, Baba alitufundisha nini juu ya mtoto aliyenyonya mara tano?"

Baba yetu alikuwa mwalimu wa Kurani kijijini. Nilijibu kabla sijafikiri. "Akishiba kila mara na kuachia mwenyewe, anakuwa mwana wa yule aliyemnyonyesha."

"Na binti yake?"

"Ni dada yake. Hawaoani kamwe." Ndipo nikamwelewa, nikainuka kushusha pazia la mlango.

Tulipomwambia Mak Limah alijifunika uso kwa shali. "Mwataka nitupwe nje kama paka! Hamumjui Tengku Zawiyah nyie." Akatoka. Lakini kesho yake mchana, kasri zima lilipolala kwa joto, alirudi na Raslan kiunoni.

"Mimi pia nimewahi kuzaa," alisema, akamkabidhi.

Raslan alikuwa mtoto wa maziwa ya kopo. Alishangaa kidogo, kisha akashika kama aliyekuwa akingoja. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na kusikiliza. Tengku Zawiyah alivaa viatu vya mti, kwa, kwa, kwa, vikisikika tangu mwisho wa ukumbi. Niliposikia mlio wowote, hata wa mbao zikijinyoosha kwa jua, nilichungulia ukumbini. Mtu akishika mimba ya ukoo wa mfalme na kuondoka hai, tuliambiwa, ashukuru. Mimi niliwaza wizi huu wetu una adhabu gani, maana hauna hata jina.

Mara ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Ya tatu Raslan alisinzia, dada akamfinya kidole cha mguu hadi akaamka na kuendelea. Ya nne alikuwa ndiyo kwanza ameachia, maziwa bado kidevuni, mlio ukaanza. Kwa, kwa, kwa.

Mak Limah alimnyakua Raslan. Dada akampakata Intan. Mimi nilisimama nimeshika pazia kama niliyetundikwa nalo.

"Mwanangu anafanya nini huku?" Tengku Zawiyah aliuliza.

"Alisikia mtoto akilia, Tengku, akataka kumwona," Mak Limah akajibu.

Zawiyah alimtazama dada, akaona kifua kimelowa. Raslan akacheua. Kicheuo kizito, cheupe, kikashuka kwenye mkono wa Mak Limah.

Hapo ndipo nilipomwona dada yangu akiigiza kuliko alivyowahi kuigiza mbele ya kamera. Aliinamisha kichwa, sauti ikawa ndogo kama ya kijakazi. "Naomba msamaha, Tengku. Maziwa yangu yanajimwagia ovyo. Mimi mtu wa kijijini, sijui adabu za kasri."

Zawiyah alicheka. "Mcheza filamu bwana! Hata akinyonyesha anajua kamera iko wapi." Alimchukua mwanawe mwenyewe. "Limah, asiletwe tena huku. Huku kunanuka shombo."

Mara nne. Na nne si kitu.

Mpaka siku ya kunyoa nywele hatukumpata tena. Nilimwambia dada turuke dirishani usiku na mtoto. Akaniuliza, "Kisha tuogelee wapi?" Chini ulikuwa mto, na langoni walikuwa walinzi.

Siku ilipofika, ukumbi wa wanawake ulijaa. Wanaume walikuwa upande wa pili wa pazia, wakisoma maulidi. Intan alizungushiwa kitambaa cha manjano, rangi ya kifalme, ambayo dada na mimi hatukuruhusiwa kuivaa. Dafu la kutilia nywele lilikwishachongwa, mkasi ukiwa juu ya sinia. Dada alikalishwa nyuma, karibu na mlango. Nje niliona gari, na sanduku lake likipakiwa.

Kisha wakamleta Raslan akae karibu na mchumba wake, watu wamwone. Wakamweka mkekani. Alitazama huku na huku, akamwona dada, akaanza kutambaa.

Wanawake walicheka. "Jamani, anamkimbilia mama mkwe!"

Alitambaa katikati ya nguo za hariri, akapanda mapajani kwa dada, akavuta blauzi yake kwa mikono miwili. Tengku Zawiyah alikuwa akiwapokea wageni kutoka jimbo la Kelantan, ametupa mgongo. Dada akavuta shali, akamfunika.

Sijui ilichukua muda gani. Nilikuwa nikisoma kila dua niliyoijua, nikizichanganya. Kicheko kilipungua, minong'ono ikaanza. Mtu akamgusa Zawiyah bega. Akageuka.

"Mtoe! Mtoe mwanangu!"

Alikuja mbio, viatu vikimtoka miguuni. Nikajikuta nimesimama mbele yake. Alinizaba kofi, nikaanguka kando. Lakini alipofunua shali, Raslan alikuwa ameachia mwenyewe, macho yamelegea kwa shibe.

Dada alimtazama Tengku Bonda, si Zawiyah. Mara hii hakuigiza. Midomo ilikuwa ikimcheza. "Tengku Bonda, hii ni ya tano."

Maulidi yakakatika upande wa pili.

"Mwongo!" Zawiyah alipiga kelele. "Kazi yake ni uongo!"

"Limah," Tengku Bonda aliita.

Mak Limah alitoka nyuma ya nguzo. "Niliona zote, Tengku. Aliachia mwenyewe kila mara. Nihukumuni."

Kadhi aliulizwa kupitia pazia. Akakohoa kwanza. "Ushahidi wa zile nne unaweza kubishaniwa. Lakini jambo hili sasa lina shaka, na shaka katika ndoa ni moto. Mimi sitaifungisha, wala simjui atakayethubutu."

Tengku Bonda aliinuka. Nilifikiri atawaita walinzi. Alimfunua Intan kitambaa cha manjano, akakikunja vizuri, akamweka mtoto mtupu mapajani mwa dada yangu.

"Basi mchukue. Gari liko tayari."

Tulitoka na mtoto tumemfunga kwa batiki yangu, na Mak Limah kiti cha mbele. Sikugeuka kutazama nyuma mpaka tulipovuka daraja la Johor na kuingia Singapuri. Talaka ilifuata. Dada hakurudi kwenye filamu, kwa sababu kila studio iliogopa kasri. Alishona nguo, akamlea Intan, na kwa miaka mingi gari likisimama nje ya nyumba sote tulinyamaza.

Wiki iliyopita, mwili ukiwa ukingoni mwa kaburi, liliingia gari lenye bendera ya manjano. Nilimshika Intan mkono kwa nguvu zote, yeye ambaye ni bibi wa wajukuu sasa. Akashuka mzee mmoja mnene, akavua viatu, akaja moja kwa moja kwetu.

"Mama mdogo," aliniambia. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo kutoka kasri lile. "Marehemu ana mtoto wa kiume wa kumshusha?"

"Hakuacha," nikasema.

"Aliacha."

Tengku Raslan akakunja suruali, akashuka kaburini, akanyoosha mikono kumpokea mama yake. Ndipo nikauachia mkono wa Intan.