Lifti Iliyokufa kwa Amri

Tangazo lilibandikwa kwenye lango la jengo kwa gundi ya kutosha kujengea jengo lingine. Lilikuwa jengo la umma, la watu wa kipato kidogo, na tangazo lilieleza kwamba ada ya huduma imepanda mara tatu. Sababu nayo iliandikwa bila haya yoyote: matunzo ya lifti.

Wapangaji walisoma, kisha wakageuka kwa pamoja kuitazama hiyo lifti inayotunzwa. Ilikuwa pale pale chini ilipofia, mlango wazi, na ndani yake Mama Cherehani alikuwa akipinda gauni la mteja. Lifti ilipokufa, yeye ndiye aliyeirithi. Ilikuwa na taa isiyozimika, kioo cha wateja kujitazama, na kitufe kikubwa chekundu ambacho, kwa maoni yake, kiliwekwa pale makusudi kwa ajili ya kutundikia mkasi. Meza yake ya cherehani ilikuwa ndefu kidogo, ikatokeza nje ya mlango, na watu walishazoea kuikwepa bila hata kuitazama.

"Kumbe hela zetu ndizo zinazotunza duka lako," alisema wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Waliishi pamoja ghorofa ya nne, na wifi huyo hakuwahi kukosa nafasi ya kumchokoza. "Hongera, wifi. Umekuwa mradi wa serikali."

"Cheka tu. Tukishalipa hiyo ada, tuone utakula nini."

Kicheko kiliishia hapo. Cherehani ndiyo iliyowalisha na kuwalipia nyumba. Kwa ada hii mpya ingewalipia nyumba tu, wakae humo na njaa yao.

Jioni wapangaji walikutana kwenye ngazi. Babu Redio, mzee wa ghorofa ya tano mwenye goti bovu na habari za kila mtu, alisema jambo liko wazi: afisa wa nyumba aitwe, aje aone kwa macho yake kuwa lifti ni maiti. Wote wakaitikia, kisha kila mmoja akakumbuka ni nani anayekaa ndani ya maiti huyo. Afisa akija, Mama Cherehani na vitambaa vyake watatupwa nje. Asipokuja, wote watakamuliwa. Mama Cherehani aliwaona wanavyomwangalia kwa pembe za macho. Nyumbani kwake hapakuwa na nafasi hata ya kukunjulia kitambaa, na ni mteja gani angepanda ngazi zote zile kwa ajili ya kupunguza suruali?

"Mwiteni," alisema. "Mtanisaidia kutoa vitu."

Siku ya afisa kufika, lifti ilikuwa tupu na imepigwa deki. Afisa alikuja na tai inayobana na simu mbili, akilishangaa jengo kama mgeni, ingawa sahihi yake ndiyo iliyokuwa chini ya kila tangazo.

"Hii ndiyo mnayosema imekufa?" aliuliza. Akaingia, akajitazama kiooni, akaweka tai vizuri, kisha akabonyeza kitufe cha juu kuijaribu.

Mlango ukajifunga. Lifti ikapanda.

Babu Redio aliketi polepole kwenye ngazi. Wa kwanza kuelewa alikuwa Mama Cherehani. Alimkumbuka fundi wa lifti aliyekuja zamani, akahangaika huko juu, kisha akashuka na kumwomba asogeze meza ili ajaribu. Yeye alimwambia asubiri amalizie mshono. Alipoinua kichwa, fundi alikuwa ameshaondoka. Kumbe lifti ilipona siku ile ile. Kilichouzuia mlango kujifunga ni meza yake, na katika jengo zima hakuna aliyewahi kubonyeza kitufe, kwa kuwa wote walijua imekufa.

"Tumekwisha," wifi alinong'ona.

Wangekwisha kweli, kama afisa asingekuwa mwoga. Alipoona anapaa alibonyeza kitufe kilichokuwa karibu, kile chekundu, na lifti ikasimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Wakakimbilia juu. Kupitia ufa wa mlango wakamsikia akipiga simu ofisini kwake.

"Leteni fundi wa lifti haraka."

Simu yake ilikuwa na sauti kubwa, wote walisikia jibu. "Fundi hatoki bila sahihi ya afisa wa nyumba."

"Mimi ndiye afisa wa nyumba."

"Basi pita hapa usaini."

"Nimekwama ndani ya lifti."

"Sawa, ukitoka utapita." Simu ikakatwa.

Wifi alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mama Cherehani akasogea kwenye ufa.

"Pole, mwanangu. Si tulikwambia kuhusu hii lifti?"

"Mama, nisaidieni. Hewa inaisha humu."

"Hewa ipo, nimekaa humo miaka. Ile ada je?"

"Naifuta."

"Andika. Andika kwamba lifti haifanyi kazi na ada yake isitozwe. Na uweke ile sahihi inayosubiriwa na fundi."

Karatasi ikachungulia kwenye ufa, sahihi yake imepinda. Mama Cherehani aliisoma, akairudia, akampa wifi aitie kifuani. Ndipo akasema kwa upole, "Hicho kitufe chekundu, kivute, halafu ubonyeze cha chini." Alikijua vizuri: kila mkasi ulipokigandamiza kwa bahati mbaya, kilizama hadi akivute.

Lifti ikashuka kwa adabu zote, nao wakaifuata kwa ngazi. Afisa alitoka amelowa jasho chapachapa, akapita katikati yao bila kumtazama mtu. Kubatilisha alichoandika hakuweza, maana ofisini angeeleza nini?

Wapangaji walipomaliza kupeana mikono, Babu Redio aliuliza, "Kwa hiyo inafanya kazi?"

"Inafanya, babu."

Wakatazamana. Kwa sahihi ya afisa, lifti ilikuwa imekufa. Ikionekana inapanda hata mara moja, na ada itafufuka nayo.

Mama Cherehani hakujua auweke wapi uso wake. "Babu, na goti lako hilo. Siku zote hizo ilikuwa meza yangu."

Mzee aliitazama lifti kwa muda, na taa yake, na kioo chake. Kisha akashika upande mmoja wa meza iliyotolewa pembeni.

"Ngazi nimeshazizoea," alisema. "Ile ada ndiyo nisingeizoea. Shika huko. Itoe nje zaidi kidogo, mlango usije ukajifunga."

Wakaiweka. Babu Redio akashika ukuta, akaanza kupanda. Mama Cherehani akatundika mkasi mahali pake, akaketi, akakanyaga cherehani kwa nguvu kuliko gauni lilivyohitaji, asije akamsikia mzee anavyohema kila anapofika ghorofa.